Jinsi Mwalimu Felisiani wa Majengo Alivyolinyamazisha Tanki la Samaki

Tulieni, enyi watu wa Majengo, nanyi mlioshuka sasa hivi kwenye basi la Mwazye mkiwa bado na vumbi la safari kwenye nyusi! Wekeni chini mizigo, zimeni simu, mfukuzeni jogoo huyo aliye dirishani, kwa maana leo vinasimuliwa vita ambavyo havimo katika kitabu chochote cha historia cha kidato cha nne, wala havijawahi kuulizwa kwenye mtihani, na hiyo ni aibu ya watunga mitihani. Ni vita vya Mwalimu Felisiani, Simba wa Milinganyo, Mvunja Chaki, yeye ambaye kwa miaka thelathini na mitatu aliwafundisha hisabati watoto wa Ufipa, wakaelewa wachache, na hao wachache wakasahau.

Shujaa huyu alipostaafu hakununua ng'ombe, wala hakufungua duka la mbolea. Alinunua vioo. Akavigandisha kwa gundi vikawa tanki refu kama mlango, akaliweka sebuleni juu ya kabati, na kutoka Kasanga, ziwani, akaletewa samaki sita ndani ya ndoo yenye mfuniko, kila mmoja mrefu kama kidole cha kati na mwenye mistari kama jezi ya timu ya shule. Majirani wakauliza wataliwa lini. Mwalimu akajibu kwamba hawataliwa, ni wa kutazamwa. Majirani wakaenda zao wakimwombea.

Hawakujua siri yake. Kila asubuhi alipokisogelea kioo, wale sita waliacha shughuli zao, wakaja mbele, wakajipanga na kumtazama kwa makini. Hakuna darasa lililowahi kumfanyia hivyo.

Lakini ndani ya kabati lile aliishi adui.

Maji ya tanki yalipofika ukingoni yaliingia kwenye bomba la plastiki, yakashuka hadi katika beseni kubwa la buluu lililofichwa kabatini, na pampu ndogo ya umeme ikayarudisha juu yakiwa yamechujwa. Safari hiyo ilikuwa ya kisayansi na ya heshima, isipokuwa kwamba bomba lilikoroma. Lilinyonya hewa, likameza, likasema "grrlooo", likanyamaza kiasi cha mtu kuamini kwamba limekata roho, kisha likafufuka: "krrrooo!" Na kule chini maji yaliangukia beseni kwa kishindo, yakapiga povu, pampu ikalivuta lile povu na kulipandisha juu, hata samaki wakaonekana kama watu waliohamia ndani ya chupa ya soda.

Bertha, mke wa shujaa, Malkia wa Vitambaa vya Kufuma, alivumilia hayo yote miezi miwili. Hata ikafika Jumamosi ya zamu yake. Maana Jumuiya ya mtaa ule husali nyumba kwa nyumba, na nyumba inayopokea Jumuiya hupimwa kwa macho kumi na manane kuanzia dari hadi chini ya makochi. Bertha alifua kila kilichofulika. Wakaja, wakakaa, wakaanza rozari, wakafika penye kimya cha kuwakumbuka marehemu.

"Krrrooo!" likasema bomba.

Ndipo Kashinje, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake na ambaye huiuzia maziwa Majengo nzima, akanong'ona kwa sauti iliyosikika hadi barabarani: "Jamani, huyo ndama si anyonyeshwe kwanza?"

Rozari ikavunjika kwa vicheko. Mama Salome, Mwenyekiti wa Jumuiya, mwanamke ambaye hata paroko humpisha mlangoni, akafunga kitabu chake. "Mama Lucia," akamwambia Bertha, "marehemu hawachekwi. Jumamosi ijayo tutarudi hapahapa kuimaliza sala hii. Hicho kitu kikiongea tena, tunahamia kwa Mama Timoth, na kwako hatutakuja mpaka kiondoke."

Wageni walipotoka, wakiliigiza bomba njia nzima, Bertha alisimama katikati ya sebule akatoa hukumu.

"Baba Lucia, una siku saba. Jumamosi likikoroma, samaki wako wanarudi Kasanga kwa ndoo ileile waliyokuja nayo. Na hilo tanki natilia ulezi."

"Ulezi? Mama Lucia, tanki la samaki?"

"Linaingia magunia mawili. Nimepima."

"Umepima saa ngapi?"

"Mimi ni mke wa mwalimu wa hisabati," akasema, akaenda jikoni. Na jioni ile magunia mawili ya ulezi yakatoka stoo, yakasimama nyuma ya mlango wa sebule kama askari wanaongoja amri ya kuuteka mji.

Ee Mvutano wa Dunia, uliyeangusha mitihani, maembe na suruali za watoro wakiruka uzio! Ee Gundi ya Mabomba, unukaye kuliko bweni la kidato cha kwanza! Msaidieni msimulizi ayapange mapigo ya vita hivi yalivyofuatana.

Jumatatu shujaa alijifunga silaha: msumeno, futi kamba, kalamu mbili na daftari la mraba. Akakokotoa kurasa tatu. Mwisho wa ukurasa wa tatu akapiga mistari miwili kwa rula chini ya jibu, na jibu lilikuwa hili: kelele husababishwa na maji kuwa mengi mno bombani. Basi dawa ni kuyapunguza. Akatwaa soksi nene ya shule ya binti yake Lucia, akaikunja, akaishindilia kwenye mdomo wa bomba.

Kimya! Mwalimu akainua kichwa kama jemadari aliyeona bendera nyeupe. Ushindi huo ulidumu kwa muda wa Baba Yetu moja na nusu. Kwa maana pampu, ambayo haikushirikishwa katika hesabu, iliendelea kupandisha maji, na maji yasiyo na pa kushukia yakapanda, yakavuka ukingo, yakayavamia makochi, vitambaa na kalenda ya parokia. Samaki mmoja akavuka pamoja nayo, akaangukia mto wa kochi.

Bertha akamwokota kwa kikombe cha chai. "Huyu naye amewahi Jumuiya?" akauliza.

Jumatano shujaa akabadili mbinu, akalizungushia kabati mablanketi matatu. Bomba likaendelea kukoroma vilevile, ila sasa kama mzee mwenye mafua. Kashinje alipoleta maziwa akasimama mlangoni na galoni lake, akasikiliza.

"Mwalimu, mgonjwa bado?"

"Kashinje, huu ni uhandisi."

"Kwetu ng'ombe akitoa sauti hiyo tunamtoboa tumbo hewa itoke."

"Nenda kauze maziwa."

"Naenda, Mwalimu. Nilikuwa nasaidia tu."

Alipobaki peke yake, Mwalimu Felisiani alikisogelea kioo. Samaki wakaja, wakajipanga sita kwa mstari, lakini mapovu yalikuwa mengi hata akawahesabu mara mbili. Ndoo ya Kasanga ilikuwa tayari imesuguliwa na kuanikwa uani. Ndipo Mvunja Chaki, asiyewahi kumwomba mwanafunzi jibu, akakisemesha kioo kwa sauti ndogo: "Nani anajua?" Hakuna aliyenyoosha mkono. Hawana mikono, lakini iliuma.

Alhamisi msaada ukaja kwa basi. Bibi Albina, mama mzazi wa shujaa, mkulima wa Mwazye, alishuka na mfuko wa maharage na fimbo, akaamkiwa shikamoo na kila aliyekuwa kituoni, akaitikia marahaba kwa wote kwa mkupuo mmoja. Alipokalishwa sebuleni na kupewa chai, bomba likamkaribisha: "Krrrooo!"

Bibi Albina akashusha kikombe. "Feli, nani anakunywa pombe humo kabatini?"

"Hakuna mtu, mama. Ni maji ya samaki."

"Mimi nimekunywa pombe ya ulezi kabla baba yako hajajua kuvaa viatu. Huyo anakunywa, tena anakunywa vibaya."

Mwalimu akasimama, akaweka mikono nyuma, akahutubia kwa heshima: "Mama yangu mpendwa, kwa mujibu wa hesabu nilizofanya, ujazo wa maji yapitayo katika bomba hili umezidi..."

"Kaa chini, mwanangu."

Akakaa.

"Tulikuwa tunazunguka chungu," akasema Bibi Albina, "kila mtu na mrija wake. Mrija ukijaa pombe tupu, hausemi kitu. Ukichanganya pombe na hewa, unautangazia ukoo mzima kwamba umefika penye machicha. Aliyepiga kelele mara tatu alinyang'anywa mrija. Babu yako alinyang'anywa kila Jumapili. Sasa hilo bomba lako maji hayajazidi. Ni machache. Yanapita ubavuni, na hewa inapita katikati. Lijaze!"

Kurasa tatu zenye mistari miwili chini ya jibu zilikuwa mezani, wazi kabisa. Mwalimu Felisiani alizitazama, akamtazama mama yake ambaye hakuwahi kukaa dawati hata siku moja, akachukua kalamu nyekundu, akajipiga mkasi mkubwa wa kosa.

"Na mapovu, mama?"

"Mdomo wa mrija unakaa ndani ya pombe, hauning'inii juu yake. Na pombe huchujwa. Hivi shuleni mlikuwa mnafundishana nini?"

Ijumaa asubuhi jeshi la watu wawili likaingia vitani. Kutoka dukani ililetwa koki ya bomba, ikafungwa katikati ya bomba la kushukia ili kuyabana maji yalijaze. Pembeni likasimamishwa bomba la pili, la akiba, mdomo wake ukiwa juu kidogo, ili maji yakipanda tena yapate njia kabla hayajaonana na Bertha. Mguu wa bomba la kwanza ukarefushwa hadi ukazama vidole viwili chini ya maji ya beseni. Na katikati ya beseni, kati ya maji yanayoingia na pampu inayovuta, ukasimamishwa ukuta wa sponji iliyokatwa kwenye godoro ambalo Lucia alirudi nalo kutoka bweni, ikafuliwa mara tatu. Kile kipande hakikueleza kilichowahi kukipata katika miaka minne ya bweni, wala hakikuulizwa.

Kisha ikaja saa ya koki. Mwalimu alipiga magoti kabatini. Bibi Albina alifumba macho kochini, sikio limeelekezwa, fimbo magotini kama rungu la hakimu.

"Bana."

"Grrlooo," likasema bomba.

"Bado. Bana tena."

"Grrl..."

"Kidogo. Kidogo, Feli, si mlango wa gereza! Umezidisha, maji yanapanda. Legeza. Rudisha nusu ya hapo. Nusu ya nusu."

"Robo, mama," akanong'ona shujaa, jasho likimdondoka puani.

"Iite utakavyo. Acha hapo hapo."

Akaacha. Bomba likafungua kinywa kutaka kusema, likakosa hewa ya kusemea. Maji yakashuka yamejaa, mazito, bila neno. Uzi mmoja tu wa maji ukapitia bomba la akiba, kimyakimya kama mtoro. Povu likagonga sponji likafia hapo. Na juu, pole kwa pole, ule ukungu wa mapovu ukapungua, ukaisha, na nyuma ya kioo wakaonekana sita, mistari yao yote ikihesabika, wamejipanga wakimtazama.

Jumamosi ikafika, na majeshi ya Jumuiya yakaingia kwa "Tumsifu Yesu Kristo." Wakakaa, macho yote kabatini. Kashinje alikaa karibu kabisa, akainama kuchungulia chini. "Ndama amechinjwa?" akauliza. Bertha akamtazama, naye Kashinje akanyooka.

Rozari ikaenda, fumbo kwa fumbo, ikafika penye kimya cha marehemu. Bertha alikuwa ameushika mkono wa mumewe kwa namna ambayo vidole viwili vilikwisha kufa ganzi. Wakangoja. Ikasikika saa ya ukutani. Likasikika tumbo la Kashinje. Ikasikika pikipiki ya mbali ikipanda kutoka stendi. Bomba halikusema kitu. Marehemu wakakumbukwa wote, hata wale ambao kwa kawaida husahaulika kwa haraka ya chai.

Sala ikaisha, zikagawiwa soda, kila chupa na mrija wake. Mama Salome akasimama katikati, chupa mkononi, kutoa neno la Mwenyekiti. "Ndugu zangu," akasema, "nyumba hii leo imetufundisha utulivu." Akanywa kupisha maneno hayo yaingie mioyoni, akavuta mpaka chini, akavuta tena.

"KRRROOOO!"

Vichwa vyote vikageukia tanki. Tanki halikuwa na hatia. Maji yake yalikuwa meupe na matulivu, na samaki sita walikuwa mbele ya kioo wakimtazama Mama Mwenyekiti. Basi vichwa vyote, kimoja baada ya kingine, vikawafuata samaki.

"Hewa hiyo, mwanangu," akasema Bibi Albina kwa upole kutoka kochini. "Zamisha mrija."

Na iandikwe, basi, katika kumbukumbu za nyanda za juu, kutoka Majengo hadi Mwazye na kushuka hadi Kaoze bondeni: kwamba katika mwaka huu Mwalimu Felisiani aliigeuza koki nusu ya nusu, na dunia ikanyamaza. Hakupigiwa ngoma. Lakini wageni walipoondoka, wakimwigiza Mwenyekiti njia nzima, Bertha alikwenda nyuma ya mlango, akalishika gunia la kwanza la ulezi kwa masikio yake mawili, akaliburuta kurudi stoo, kisha akarudi kulichukua la pili.