Dakika Moja ya Kumkumbuka Bwana Mboji

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ni mimi. Mheshimiwa mwenyekiti wa shughuli, ambaye amepata udhuru akaniomba nimwakilishe, kwa hiyo naye ni mimi. Waheshimiwa wakuu wa idara, wakuu wa vitengo, makaimu wakuu wa vitengo na wale wanaokaimu kwa niaba ya makaimu. Wataalamu waliobobea na wale ambao bado wanabobea. Shemeji yangu mwenye turubai, viti na vipaza sauti hivi, aliyeshinda zabuni kwa uwazi mkubwa uliofanyika sebuleni kwangu. Mpiga picha wetu. Na nyinyi wakulima wa mpunga, ambao mngetajwa mwanzoni kama si kwamba mko wengi mno: itifaki naomba ijizingatie yenyewe, maana mimi jua limeshanichosha. (Makofi, hasa ya shemeji.)

Ndugu wananchi, leo tumekusanyika kando ya mfereji huu kuzindua Mradi Shirikishi wa Kutumia Maarifa ya Wakulima kwa Rutuba ya Majaruba, kwa kifupi MAWARUMA, kifupi ambacho kamati yangu ilijifungia hotelini kukitafuta na haikutoka mpaka ilipokipata. Takwimu zinaonyesha kuwa udongo wa majaruba yenu umepungua rutuba kwa asilimia sitini, na ile asilimia arobaini iliyobaki bado tunaifanyia upembuzi yakinifu ili tujue ilibakije bila kibali. (Shemeji anacheka. Mpiga picha anapiga picha ya shemeji akicheka.)

Zamani, ndugu zangu, mtaalamu alikuja na maarifa yake akammwagia mkulima kichwani, akaondoka. Huo ni utaratibu uliopitwa na wakati. Siku hizi stekiholda wa kwanza ni mkulima mwenyewe. Maarifa yanatoka chini yanapanda juu, na huko juu ndiko niliko mimi, nayapokea. Ndiyo maana nilifunga safari mimi mwenyewe mpaka huku majarubani, nikawasikiliza wakulima ana kwa ana, mimi nikiwa ndani ya gari kwa sababu ya tope, wao wakiwa ndani ya tope kwa sababu ya kilimo, na kioo nikakishusha kiasi cha sauti kupita.

Nikamuuliza mama mmoja, namwona amekaa pale mbele na jembe lake, nikasema, "Mama, udongo huu una tatizo gani?" Akanijibu kwa lugha nyepesi kabisa, "Mboji, baba. Mboji kwisha! Na bila mboji mpunga hauli."

Ndugu wananchi, nilishtuka. (Watu wanaangaliana.) Kumbe bonde zima lilikuwa linalishwa na mtu mmoja, Bwana Mboji, na ofisi yangu haina hata faili lake! Nikauliza, "Amekwishaje?" Mama akasema, "Moto, baba. Moto mliotuagiza nyinyi wenyewe." Nikaelewa kuwa ni ajali. Nikauliza tena, kwa sababu mimi ni mtu wa kufuatilia, "Alikuwa anaishi na nani?" Akasema, "Na minyoo, baba. Minyoo tele!" (Kicheko kinaanzia nyuma kinakuja mbele.) Msicheke. Minyoo si jambo la kuchekwa. Mzalendo analisha watu wote hawa huku tumbo lake mwenyewe linamsumbua, na hakuna aliyempa hata kidonge! Naagiza hapa hapa, mbele yenu, kwamba bonde hili lote lipewe dawa ya minyoo. (Mama mwenye jembe anapiga kelele: "Jamani, usituulie minyoo ya udongo!") Tulia, mama. Uchungu wa msiba naujua.

Kwa hiyo kabla sijaendelea, naomba sote tusimame kwa dakika moja tumkumbuke marehemu Bwana Mboji. (Wakuu wa idara wanasimama. Shemeji anavua kofia. Wakulima wamekaa, wengine wameinama, mabega yanatikisika.) Asanteni. Naona wengine mmeshindwa hata kusimama kwa majonzi. Kaeni. Kiti chake kile pale, chenye kitambaa cheupe, kitabaki wazi mpaka mwisho wa shughuli.

(Mama mwenye jembe anasimama. "Baba, mboji si mtu! Ni ule weusi wa udongo, mabua na majani yakishaoza! Ndiyo chakula cha mpunga!") Mama yangu, nakuheshimu kama mama aliyenizaa, lakini marehemu hasemwi hivyo. Kuoza kila mtu ataoza. Si lazima itangazwe kwenye kipaza sauti.

Sasa nije kwenye mafanikio. Mtakumbuka kuwa huku kwenu kulikuwa na uchafu wa kutisha. Mtu anavuna mpunga wake, anaondoka, anaacha mabua yamelala jarubani, maji yanaingia, yanavunda, wadudu, harufu, hata mgeni ukimleta unaona haya. Ni mimi, ndugu zangu, na sisemi hivi kwa kujisifu ingawa nikijisifu nitakuwa sahihi, ni mimi niliyetoa agizo kwamba kila bua likusanywe lichomwe moto, na msimu huo huo likachomwa. Usafi ulipanda kwa asilimia mia moja na kumi. (Sauti kutoka nyuma: "Basi aliyemuua ni wewe!" Kicheko kikubwa, kisha makofi.) Asanteni kwa fidibaki. Makofi hayo nayapeleka ofisini kama yalivyo.

(Mama mwenye jembe hajakaa. "Hatucheki wote, baba. Mimi nina hasira. Mabua yangu nilikuwa nayachanganya na samadi, nayazamisha, nangoja yalainike ndipo napanda. Mama yangu alifanya hivyo, na bibi yangu kabla yake. Mkaja na viberiti. Mwaka huu nikishika udongo wangu unatiririka mkononi. Sasa hata maji mmetufungia!") Mpiga picha, mpige mama picha hapo hapo alipo, mkono ukiwa juu hivyo hivyo, tutaandika chini yake "Mkulima akishangilia mradi."

Suala la maji ni la kitaalamu. Ni kweli nimeagiza lango la mfereji lifungwe. Mzee wetu mlinzi wa lango yule pale, ufunguo uko shingoni kwake, nami nilimpa maelekezo kwa kinywa changu: tone lisiingie jarubani mpaka mradi uingie kwanza. Huwezi kupima impakti ya mradi kwenye tope ambalo limeshavurugwa na watu wanaolima. (Sauti nyingi kwa pamoja: "Miche inazeeka kitaluni!" "Imeshaanza kuwa ya njano!" "Isipopandikizwa wiki hii tutakula nini?") Swali zuri sana. Chakula ni ajenda mtambuka, na tumeiundia kamati ndogo ambayo itaundiwa kamati kubwa ya kuisimamia. Nawaomba muiambie miche ivute subira. Sisi wote ofisini tumezeeka kwenye vyeo vile vile, na mbona hatujawa njano?

Kuhusu yatakayofanyika, sikilizeni kwa makini, kwa sababu sitarudia, na sababu ya kutorudia ni kwamba sijayaandika. Maarifa yenu yote yatakusanywa, yatachambuliwa, yatachujwa, yatawekewa mfumo wa kidijitali, halafu yatarudishwa kwenu kwa njia ya semina, ambapo mtafundishwa yale mnayoyajua na mtakaofaulu mtapewa vyeti. Yale msiyoyajua hayatahusika, kwa sababu mradi ni wa maarifa ya wakulima. (Shemeji peke yake anapiga makofi, anaona yuko peke yake, anaacha.)

Nahitimisha. Nikisema "Rutuba," nyinyi mseme "Juu!" Rutuba! (Kimya.) Mpunga! (Kuku anapita mbele ya meza kuu.) Maarifa ya wakulima! (Mtu anakohoa.) Safi sana. Hamasa ya ndani ndiyo hamasa ya kweli.

Sasa shukrani. Namshukuru shemeji kwa turubai. Nawashukuru wakuu wa idara kwa kukaa wima kipindi chote. Na kwa namna ya pekee namshukuru mzee wetu mlinzi wa lango, ambaye amelinda maji haya kwa uaminifu, mvua na jua, hata majirani zake wakamnunia, yote kwa ajili ya mradi ambao, kama taarifa yetu ya utekelezaji ilivyokwisha kueleza, ulikamilika mwaka jana kwa mafanikio makubwa, wakulima wote wakanufaika, wafadhili wakatuma pongezi, na kitu pekee kilichokuwa kimepungua kwenye taarifa ni picha, ndiyo maana leo tuko hapa.

(Mlinzi wa lango anasimama polepole. "Mheshimiwa, umesema umekamilika?") Kikamilifu, mzee wangu. ("Kwa hiyo hakuna kinachokuja? Hakuna mitambo, hakuna wataalamu, hakuna chochote?") Kije nini tena, mzee wangu, na kazi imeshaisha? ("Mke wangu hasemi na mimi kwa sababu ya lango hili. Mimi nimelifunga namngoja nani?")

(Anavua ufunguo shingoni, anautazama, anaanza kutembea kuelekea langoni. Mama mwenye jembe anamfuata. Watu wanainuka, viti vinaanguka, kina mama wanafunga kanga viunoni, mtu anamwita mwenzake akalete miche.) Naona wananchi mmeamua kuandamana kuunga mkono! Vizuri sana! Lakini jamani, shughuli haijafungwa rasmi! (Wakuu wa idara nao wanachungulia waone kuna nini huko. Shemeji ameshaanza kukunja turubai. Kutoka mferejini inasikika sauti ya maji, na juu yake vigelegele.) Ndugu wananchi! Tafadhali, arudi hata mmoja, mkulima yeyote, asimame hapa karibu yangu kidogo tu, maana hawa wafadhili hawawezi kutumiwa picha yangu peke yangu!