Ombi la Kushindanishwa na Bi Harusi

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Wafugaji wa Kuku na Njiwa wa Maonyesho,
Kiti cha karibu na dirisha,
Sebuleni kwetu.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MALALAMIKO, PAMOJA NA OMBI LA KUANDIKISHWA

Mimi ni mkeo. Najitambulisha kwa sababu katibu wako, yule fundi baiskeli, amenieleza kwamba hadi maonyesho yapite Mwenyekiti hapokei jambo lolote kwa mdomo, na mwenye shida aandike. Nilidhani ni utani mpaka juzi nilipokuuliza kama utakula, ukanijibu nimwone katibu. Basi nimeandika. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Nilipokuacha sebuleni sasa hivi ulikuwa mzima, unampuliza njiwa mkia.

Sina ugomvi na chama. Nashukuru kwamba wanaume wa hapa kijijini wamepata kitu cha kuwakutanisha kisicholewesha. Ila yamenifika shingoni, na nayaeleza moja baada ya jingine ili kamati isipate taabu.

1. Kuhusu beseni. Lile beseni la bluu la kuogeshea wajukuu sasa ni la kuku. Sabuni yangu ya nywele niliyoletewa na binti yetu imekwisha. Katika nyumba hii anayenukia maua ni jogoo, mimi nanukia moshi, na wageni wameanza kuliona hilo.

2. Kuhusu chumba cha wageni. Mama yako mzazi alipokuja kututembelea alilala kwenye kochi, kwa kuwa njiwa wako wa kitandani hawataki kusumbuliwa. Mama mkwe ni mtu mpole, hakunung'unika. Asubuhi alikuja jikoni akaniuliza taratibu, na yeye akivaa pete mguuni kama njiwa, atapewa kitanda? Nilimmiminia chai.

3. Kuhusu maneno matamu. Haya nilikuwa sijayasikia tangu tukiwa wachumba. Wiki iliyopita nilikuwa namenya viazi, nikasikia sauti yako sebuleni ikisema, mrembo wangu, hebu geuka nikuone. Ndugu Mwenyekiti, niligeuka. Kisu mkono huu, kiazi mkono huu, niligeuka kabisa. Kumbe ulikuwa unaongea na yule kuku mweupe. Niliumia, na naandika hivyo hivyo kwamba niliumia.

4. Kuhusu jina. Kuku huyo mweupe umempa jina la Bi Harusi. Jina hilo lina mwenyewe. Uliniita hivyo mbele za watu miaka na miaka baada ya harusi, mpaka dada zako wakawa wanakucheka. Sikumbuki kulirudisha, wala sijasikia kikao kilichokaa kulihamisha.

5. Kuhusu kanuni. Nimezisoma zote, maana umezibandika nyuma ya mlango wa choo. Zinasema ndege wa maonyesho aogeshwe kwa maji ya uvuguvugu, apakwe mafuta miguuni, ashikwe kila siku ili azoee mikono, na atazamwe penye mwanga, mbele, nyuma na ubavuni. Zinaendelea kusema mshindani awe amelelewa na mwanachama, awe na afya, asiwe na utitiri, na asimdonoe mwamuzi. Nimerudia kusoma kwa makini. Hakuna mahali zinaposema lazima awe na manyoya.

Kwa hiyo naomba kuandikishwa. Sidai kundi la mitetea, umri huo umenipita na sipendi kuudanganya umma. Niwekwe na koo waliokwisha kulea. Nimelelewa na mwanachama kwa muda mrefu kuliko ndege yeyote aliyemo bandani, utitiri sina, vifaranga wangu wote wamekua na wana nyumba zao, na sijawahi kumdonoa mtu, ingawa sababu nimepewa. Miguu kweli inahitaji mafuta, hilo sikatai.

Kamati ikiona ugumu, nitakubali kupunguziwa. Nitazamwe tu, mchana, penye mwanga, mbele na ubavuni. Nyuma tunaweza kuiacha mpaka mwakani.

Na ombi hili likikataliwa lote, basi Bi Harusi ahame nyumba hii kabla ya maonyesho. Aende kwa katibu akalale na minyororo ya baiskeli, na lile sanduku lake lenye nyasi laini nilichukue mimi.

Nisalimie wanakamati, mweka hazina, jogoo wa mwenye duka, njiwa wa mwalimu wa hesabu, na wote waliomo bandani, wakubwa kwa vifaranga. Chakula chako kimefunikwa mezani.

Wako katika ufugaji,

Mkeo,
Koo wa siku nyingi.

Tanbihi: Nilikuwa natafuta bahasha, Bi Harusi akaja akapanda mapajani, kwa hiyo mwandiko huu ni wa mkono mmoja. Nimemkagua. Umemwacha tena na sabuni chini ya mabawa. Kila ukienda kikaoni inabidi nimwogeshe upya na kumkausha kwa taulo langu zuri, na hiyo sabuni ya nywele, kusema kweli, tumeimaliza mimi na yeye. Hata mimi huwa namwambia mrembo wangu, geuka, na hageuki mpaka nimwite Bi Harusi. Kwa katibu asipelekwe, kuna upepo. Hoja ya kwanza mpaka ya tano zifutwe, na jina langu litolewe kwenye mashindano, kwa sababu siwezi kushindana na mtoto niliyemwogesha mwenyewe. Siku ya maonyesho nitambeba mimi mpaka mezani, maana mikononi mwako anatetemeka. Wewe simama mbele yetu, penye mwanga, useme yale maneno yako. Tutageuka sote wawili.