Bitana ya Koti la Mwalimu Mkuu

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimekuwa benki. Benki nzima, mimi peke yangu, juu ya kigoda changu cha fundi cherehani. Akiba ya mke wangu ya kununulia cherehani ya pili nimeigeuza sarafu za mtandaoni. Hazina meneja, hazina foleni. Mke wangu hana habari, itakuwa mshangao. Amechoka kusubiri zamu kwenye mashine moja, anashona matundu ya vifungo kwa mkono hadi vidole vinavimba. Mwezi ujao atakuwa na mashine kumi! Nikaziona zikielea dirishani, zikishona mawingu. Nilipozinduka nilikuwa nimeufunga kwa mshono mguu wa suruali ya mteja.

Pochi ya sarafu hufunguliwa kwa maneno kumi na mawili ya siri. Siyaandiki hapa. Mimi si mtoto wa jana.

Jumanne, 5 Machi

Mtandao unaonya: simu huibwa, karatasi huungua. Basi nimeyadarizi yote kumi na mawili kwa uzi wa bluu kwenye kipande cha hariri. Nimekificha ndani ya rundo la bitana, vitambaa vya kushonea ndani ya makoti, mahali ambapo mwizi hawezi kupafikiria. Shemeji, mdogo wa mke wangu, mwalimu wa kompyuta, alipita akauliza mbona naichekea mashine. Wivu tu.

Jumatano, 6 Machi

Kipande hakipo. Nimepekua rundo mara tatu. Mke wangu akasema alikitumia jana kwenye mfuko wa ndani wa koti la mwalimu mkuu, na kwamba hakujua bado nina moyo wa ushairi. Akanitazama kama zamani zile za uchumba. Nikashindwa kukana. Ilikuwa raha.

Mchana nikamfuata mwalimu mkuu, nikadai koti lina kasoro nilichukue. Akasema tangu azaliwe hajakaliwa na koti vizuri namna hii.

Alhamisi, 7 Machi

Mwalimu mkuu ameyasoma maneno yangu. Mbele ya wanafunzi mia nne, kwa sauti ya kutetemeka. Akasema ni shairi la kisasa, wakaeleze dhamira yake. Sasa naweza kuyaandika: mto, kijiko, ukungu, punda, na mengineyo. Yana mvuto, nakiri. Mwanafunzi mmoja akaliweka mtandaoni kuomba msaada wa dhamira. Kuna mtu mahali fulani aliielewa upesi sana. Kufikia jioni pochi ilikuwa tupu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeungama kwa shemeji. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akanionyesha kwenye simu daftari la wazi la sarafu hizo, ambalo yeyote duniani anaweza kulisoma. Pesa zetu zile pale, kwenye pochi isiyo na jina, zimelala. Nikazitazama hadi nikaona kama zinapumua. Shemeji akasema kukiona kitu si kukipata. Akasema kabla ya kumwamini mtu mtandaoni niulize mambo matatu: ni nani, nitahakikishaje, na nani anafaidika. Akamalizia kwamba nimwambie dada yake kabla ya Jumapili, ama atamwambia yeye.

Naona aibu. Mke wangu leo ameshona vidole vikiwa vimefungwa kitambaa, huku anaimba.

Jumamosi, 9 Machi

Mungu si Athumani! Nimempata mtandaoni bingwa wa kurudisha sarafu zilizoibwa. Shemeji asinione mbumbumbu, nimemuuliza maswali yote matatu. Ni nani? Bingwa. Nitahakikishaje? Akanitumia picha ya cheti chenye mihuri miwili. Nani anafaidika? Mimi, mteja wake. Alijibu papo hapo, bila kusita. Mtu wa namna hiyo utamshuku kwa lipi?

Anataka ada kwanza. Mke wangu alipokwenda sokoni nikaiuza cherehani yetu kwa fundi wa mtaa wa pili, nikamtumia bingwa pesa yote.

Sasa namsubiri bingwa. Meza ya dirishani iko tupu, imejaa jua kote. Miaka yote hii sikujua ni kubwa hivi. Sarafu zikirudi, mashine mbili zitakaa bila kubanana, na ya mke wangu nitaiweka upande wenye mwanga.