Muhuri wa Si Gari

Kwa niaba ya wananchi wote wa Nachingwea na Ruangwa, waliokuwepo na wasiokuwepo, ilitangazwa Jumatatu asubuhi, kwa spika iliyofungwa nyuma ya bodaboda, kwamba kuanzia siku hiyo hakuna gari la rimoti litakaloruhusiwa kukimbia likiwa uchi.

Tangazo lilizunguka sokoni, likapita stendi, likarudi tena sokoni kwa kuwa mwenye bodaboda alikuwa na mzigo wa kushusha huko. Wauza dagaa walisimamisha mizani. Bibi mmoja akauliza gari likivaa huvaa nini, akajibiwa kwamba maelekezo yatafuata.

Maelekezo yalikuwa kichwani mwa Bwana Eustakio, Kaimu Mwenyekiti wa Kitengo cha Michezo Isiyo ya Mpira. Neno "kaimu" alikuwa amelibeba miaka mingi kama mtu aliyeshikishwa gunia la mwenzake stendi, na mwenzake hajarudi. Watu aliowapokea yeye kazini walishathibitishwa, wakapanda vyeo, wakahamia miji yenye lami. Yeye alikalia kiti cha mwenyekiti, lakini mto wa kile kiti ulifungiwa kabatini, maana mto ni wa mwenyekiti kamili.

Magari yenyewe yalikuja kama mvua ya kiangazi. Mtaalamu mmoja wa kigeni aliyekuwa akipima madini upande wa Ruangwa alimaliza mkataba wake, akawaachia vijana sanduku la magari madogo ya mashindano, kila moja refu kama mkono kutoka kiwiko hadi kwenye vidole. Bodi zake, yale magamba ya plastiki yanayovishwa juu ili kigari kifanane na gari la kweli, zilikuwa zimepondekapondeka. Vijana hawakujali. Waliyakimbiza hivyo hivyo, betri nje, nyaya nje, kwenye sakafu ya saruji iliyo mbele ya ghala la korosho, majira yale ambayo korosho zimeshaondoka na ufuta haujaingia.

Bwana Eustakio alipita pale akitoka kununua mkaa. Akaona. Akafumba macho, akafumbua. Bado yalikuwa uchi.

"Betri hadharani," alimwambia Harithi, katibu wake, "na watoto wa shule wanatazama! Taifa linakwenda wapi?"

"Linakata kona, bosi," alisema Harithi, ambaye macho yake yalikuwa kwenye magari.

Ndipo ikaundwa Kamati ya Pamoja ya Mabodi. Kamati ilikaa, ikala maandazi, ikatoka na kanuni. Bodi ifanane na gari halisi linalojulikana barabarani. Isikatwe, isipunguzwe, isiongezwe mkia. Vioo viwe angavu ili dereva aonekane; na kwa kuwa ndani ya kigari hamna dereva, kila mshiriki abandike picha ya pasipoti. Studio ya picha ya pale stendi ilipata wateja mpaka ikaishiwa karatasi.

Lakini kanuni iliyomtoa machozi mtungaji wake ilikuwa ya mwisho. Bwana Eustakio aliiandika akiwa amesimama. Barabarani, alifikiri, msafara wa mkubwa ukitokea Nanganga bodaboda huingia porini, basi huegemea mtaro, hata mbuzi wanajua. Iweje michezoni pasiwe na adabu? Akaandika: bodi ya shangingi jeupe lenye bendera ni ya Mgeni Rasmi peke yake. Vioo vyake vitakuwa vyeusi. Halitapitwa na gari lolote wala kutanguliwa na gari lolote, liwe linakwenda mbele, linarudi nyuma au limesimama.

Mgeni Rasmi alikuwa Mheshimiwa Saturnini, Mratibu Mkuu wa Kitengo, mtu pekee duniani ambaye saini yake ingeweza kuling'oa lile neno "kaimu".

"Akikuthibitisha, Baba Rahel, na mimi nithibitishwe," alisema mkewe Magreti, akimmiminia chai. "Watu wananiita mke wa kaimu, utadhani mwenye mume yuko safarini."

Bwana Eustakio hakucheka. Jambo lenyewe lilikuwa kweli.

Siku ya ukaguzi vijana walipanga foleni na bodi walizoagiza Kariakoo, zinang'aa kama sahani za harusi. Kila iliyopita ilipigwa muhuri wa GARI. Wino ulikuwa maalumu, wa kung'ang'ania plastiki na rangi. Muuzaji alikuwa ameapa kwamba hata petroli haiutoi.

Wa mwisho alikuwa Shakila, fundi simu wa Mbekenyera, aliyekuja kwa bodaboda na kigari chake mapajani, kimefungwa khanga kama mtoto mchanga. Akafungua. Juu ya magurudumu manne lilikaa dumu la njano la mafuta ya kula, limekatwa kwa kisu cha moto, likatobolewa madirisha. Kwenye dirisha la mbele alichungulia bibi yake, kwa picha ya pasipoti, amekunja uso.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hili ni gari gani?"

"Langu."

"Nauliza aina!"

"Aina ya dumu."

Bwana Eustakio alilizunguka dumu pale mezani. Alilipima kwa rula. Alilinusa. "Binti, umewahi kuona barabarani gari la namna hii?"

"Mzee, barabara ya kwetu masika nimeona basi linasukumwa na abiria wake. Hilo nalo utaliita gari?"

Foleni ikacheka. "Umempa za uso, dada!" mtu akapaza sauti. Bwana Eustakio akanyanyua muhuri mwingine, mpya, ambao haujawahi kutumika, akaushusha kwenye mgongo wa dumu: SI GARI.

Shakila aliutazama wino. "Sasa kama si gari, ni nini?"

"Ni dumu linalotembea."

"Basi nifutie, nikatafute bodi nyingine."

"Haufutiki. Kaimu ana mamlaka ya kupiga muhuri. Kufuta ni mamlaka ya mwenyekiti kamili."

"Na mwenyekiti kamili yuko wapi?"

Swali hilo lilikuwa na miiba, na Harithi akaja kumwokoa kaimu. Alimnong'oneza bosi wake kwamba kikundi cha ngoma kimegoma kwa sababu ya nauli, na kwenye ratiba nafasi ya burudani iko wazi. Bwana Eustakio, ambaye moyo wake haukuwa jiwe, akatamka uamuzi: kanuni zinahusu magari, kitu ambacho si gari hakibanwi na kanuni, wala hakishindani, kwa hiyo dumu litaingia uwanjani kama burudani.

"Nashukuru, mzee," alisema Shakila, akilifunga tena khanga. "Bibi anapenda ngoma."

Jumamosi Mheshimiwa Saturnini alifika wakati jua limeshawapiga watu mpaka wamezoea. Shangingi lake la kweli, jeupe, vioo vyeusi, lilitangulia. Mawili ya wasaidizi yakafuata. Alihutubia. Alisifu kanuni zote, hasa ya mwisho, akasema nchi yenye adabu mbele haina haja ya kuangalia nyuma. Kisha, mbele ya kipaza sauti, akasema maneno ambayo Bwana Eustakio alikuwa akiyaota:

"Huyu kaimu wenu nitamthibitisha. Barua nitamletea kwa mkono wangu, ndani ya gari la ofisi, kama utaratibu unavyotaka."

Magreti alipiga vigelegele mpaka watoto wakakimbia kuangalia nani amejifungua.

Mheshimiwa akakabidhiwa rimoti. Aliishika kama mtu aliyeshikishwa kinyonga.

"Mheshimiwa ana uzoefu mkubwa wa magari," msaidizi wake aliwatuliza watu. "Amepanda mengi."

Bendera ikashushwa. Shangingi dogo likarudi nyuma. Nyuma yake magari yote, kwa kuwa hakuna ruhusa ya kulipita, yakarudi nyuma pia, kwa mstari, kwa heshima, hadi ukutani. Harithi alitangaza kwenye spika kwamba mashindano yameanza kwa tathmini ya tulikotoka. Mheshimiwa akapata kitufe cha mbele. Shangingi likafyatuka. Lilifika kwenye kona ya kwanza, likaitazama, halikukata. Liliiacha sakafu ya saruji, likapita kwenye majani, likatumbukia kwenye mtaro wa maji ya mvua. Gari la pili likafuata, likatumbukia. La tatu. La nne. Yote yakaingia, bila kusukumana, kila moja likisubiri zamu yake.

"Msafara umefika mtaroni salama," alitangaza Harithi.

Kwenye sakafu likabaki dumu. Lilikata kona ya kwanza, likakata ya pili, bibi amekunja uso dirishani, likazunguka na kuzunguka. Watoto wakaanza kuimba: "Du-mu! Du-mu! Bibi kanyaga!" Hata wauza karanga waliacha karanga.

"Nimeshinda?" aliuliza Mheshimiwa, rimoti bado mkononi.

Kikao cha dharura kilifanyika hapo hapo kwa kusimama. Kilibaini kwamba utepe wa kumalizia uliwekwa kimakosa uwanjani, ilhali mahali pake halali ni mtaroni. Bwana Eustakio mwenyewe aliung'oa, akaufunga juu ya mtaro, kwenye vijiti viwili. Mheshimiwa akatangazwa mshindi. Kama Mgeni Rasmi alijikabidhi kikombe, akajishika mkono, akajipongeza kwa maneno machache yenye hekima.

"Sasa picha," alisema. "Niwe ndani ya gari, na kikombe, pale kwenye utepe." Akapanda, akamwamuru dereva.

Dereva alikuwa mtu wa kutii. Aliambiwa kwenye utepe. Akaenda kwenye utepe. Shangingi la kweli lilipita kwenye majani, pua ikainama, magurudumu ya mbele yakazama kwenye tope la mtaro mpaka bendera ikagusa maji. Gari la pili la msafara likafuata. La tatu nalo. Dereva wake alieleza baadaye kwamba breki alikuwa nazo, ruhusa hakuwa nayo.

Kioo cheusi kikateremka nusu.

"Eustakio! Nitoe humu!"

Lilikuwapo trekta la ghala, na mwenye trekta alishawasha. Lakini Bwana Eustakio alikuwa ameganda, uso umekuwa rangi ya majivu. Trekta haliwezi kuvuta bila kutangulia. Na shangingi jeupe lenye bendera halitanguliwi.

"Mheshimiwa, kuna kanuni," alisema.

"Kanuni gani?"

"Ile uliyoisifu zaidi."

Maji yalikuwa yakiingia mlangoni. Mheshimiwa aliinua viatu, kisha kikombe. Alimtazama Bwana Eustakio, akalitazama trekta, akawatazama wananchi, ambao wengi walishatoa simu na kuzinyoosha juu.

Shakila alikuwa amechuchumaa ukingoni, dumu lake kwapani. "Mzee," alisema kwa upole, "kanuni si zinahusu magari tu? Mimi juzi ulinipa msaada wa kisheria ukanikwamua. Mpe na yeye."

Bwana Eustakio alimwelewa polepole, kama mtu anayeamshwa. Akaingiza mkono mfukoni.

"Kama lingekuwa si gari, Mheshimiwa, lingeweza kutanguliwa."

"Basi si gari! Piga! Piga muhuri wako, maji yamefika magotini!"

Ni amri ya mkubwa. Bwana Eustakio aliingia mtaroni na suti yake, akafuta tope kwenye boneti kwa tai, akashusha muhuri kwa mikono miwili. SI GARI. Trekta likavuta. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Kitengo, Mheshimiwa Saturnini alipita katikati ya mji akiwa nyuma ya mtu, na watoto wakamsindikiza hadi stendi.

Siku nyingi zikapita bila barua. Bwana Eustakio alishafungua kabati, akaukung'uta mto vumbi, akaurudisha. Ufuta ulikuwa umeanza kuingia ghalani simu ilipolia.

"Eustakio, barua yako nimesaini. Iko hapa mezani."

"Ahsante sana, Mheshimiwa! Unaileta lini?"

"Ndilo tatizo. Karani wa mafuta ameuona muhuri wako. Anasema mafuta ya umma hayawekwi kwenye kitu ambacho si gari. Wameusugua kwa petroli, kwa jivu, kwa msasa, hautoki. Dereva amehamishiwa bustani. Juzi nimekwenda kikaoni kwa bodaboda, Eustakio. Mimi! Tena ikaingia porini kupisha msafara. Nimechomwa na miiba."

"Pole sana, Mheshimiwa."

"Pole haisaidii. Futa huo muhuri. Andika kwamba ni gari."

Bwana Eustakio alikaa wima kwenye kiti kisicho na mto. Alitamani kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote. Lakini utaratibu ni utaratibu.

"Kufuta ni mamlaka ya mwenyekiti kamili, Mheshimiwa. Mimi ni kaimu."

"Si nimekwambia nimekuthibitisha? Barua hii hapa!"

"Mpaka inifikie, Mheshimiwa. Kwa mkono wako. Ndani ya gari la ofisi."

Upande wa pili kikasikika kiti kikilia, kisha pumzi ndefu.

"Kwa hiyo, Eustakio, mimi nifanyeje?"

Bwana Eustakio alivuta ratiba ya michezo, akaipitia kwa kidole kutoka juu mpaka chini. Kikundi cha ngoma kilikuwa bado kimegoma.

"Jumamosi ijayo tuna mashindano, Mheshimiwa," alisema kwa heshima zote. "Shangingi likivutwa mpaka hapa, naweza kukuingiza kama burudani. Utamfuata bibi wa dumu."