Sura Yangu kwenye Beberu wa Bi Mwamina

Jumatatu, 2 Juni. Nkowe.
Programu yangu ya simu imekamilika! Nimeiita Soko Mkononi. Muuzaji anapiga picha ya mali yake, picha inapanda kwenye hifadhi ya mtandaoni, na mtu aliyeko Nachingwea anaiona kwenye simu yake. Nimejifundisha mwenyewe, miezi minne. Sasa Bi Mwamina hatasema tena kwamba hamwozeshi binti yake Hadija kwa mtu ambaye kazi yake haionekani. Alhamisi mjomba Harithi, mshenga wangu, anapeleka barua ya posa. Roho kwatu.

Jumanne, 3 Juni.
Uzinduzi barazani kwa Bi Mwamina. Simu yake ndiyo simu ya kitongoji kizima: unafika, unasalimia, unaazima. Nikasajili namba yake. Kwanza beberu wake, anayetaka kumuuza kabla ya Idi. Kisha jogoo wa Mzee Yunusi. Kisha kitanda cha Zuleha. Mtandao ulisuasua lakini zote zilipanda. Mwisho nikaongeza picha yangu, ya shati jeupe, ili Hadija akishika simu ya mama yake amwone mwenye Soko. Evodius wa duka la picha akapita na baiskeli. Yeye huwachapia watu picha na kuzibandika ukutani kwake. Akaniuliza kama ukuta nao unahitaji bando. Wivu tu.

Jumatano, 4 Juni.
Nimekagua kwenye simu yangu. Beberu ni beberu, jogoo ni jogoo. Safi! Mtu wa Mandawa kapiga, kauliza kama beberu ana tabia njema. Nikamwambia ni mpole, ila akiona majike hatulii. Alicheka mpaka salio likamwishia. Wateja wachangamfu, biashara itakwenda.

Alhamisi, 5 Juni.
Balaa! Mjomba karudi na barua, haijafunguliwa. Kaonyeshwa simu. Beberu: sura yangu. Jogoo: sura yangu, chini imeandikwa, “Anauzwa kwa sababu ya kelele.” Kitanda: sura yangu, “Kimetumika, mguu mmoja umelegea.”
Kosa nimelipata. Hifadhi inaitambua picha kwa namba ya simu iliyoipandisha. Namba moja, picha moja. Mpya ikija, ya zamani inafutika. Nilitengeneza kana kwamba kila mtu ana simu yake. Mimi, mzaliwa wa Nkowe! Na simu yangu ilikuwa imejiwekea zile picha za mwanzo, kila moja ilipopanda Jumanne, ikawa inanionyesha hizo hizo.
Bi Mwamina kasema Idi ni keshokutwa na beberu bado anakula majani yake. Nampenda Hadija. Nikimkosa, sijui nitajiweka wapi. Evodius naye kambandika beberu ukutani, bila kuombwa. Na ni beberu kweli.

Jumapili, 8 Juni.
Alhamdulillahi! Yule wa Mandawa alikuja Ijumaa kwa bodaboda kumwangalia mbuzi mwenye shati. Kamkuta ukutani kwa Evodius bila shati, kamnunua hivyo hivyo. Leo nimeitwa kula pilau ya Idi. Mjomba kaniambia Hadija amecheka siku tatu, kisha akamwambia mama yake kwamba mwanamume wa kumchekesha hivi hatampata tena, barua ifunguliwe. Imefunguliwa. Posa imekubaliwa!
Sharti ni moja: nisiguse tena simu ya Bi Mwamina maisha yangu yote. Nimeapa mbele ya mjomba.
Simu ya shangazi yake Hadija haikutajwa. Nimeiazima jioni hii hii. Majirani kumi na mmoja wamepandisha mali zao, na lile kosa nitalirekebisha nikipata nafasi baada ya harusi. Mwisho nimeongeza picha yangu. Safari hii nimevaa koti.