Uzi Kwenye Koki ya Chumba cha Saba

Jumatatu, 3 Machi
Bibi bado wodini. Mapafu dhaifu. Nimesoma kitabu kizima kuhusu maji ya hospitali. Yakituama kwenye mabomba, bakteria huzaliana. Ukifungua bafu, manyunyu huwapeleka mapafuni. Koki zisizotumika lazima zifunguliwe mara kwa mara. Chumba cha saba, jirani na Bibi, ni kitupu. Karatasi mlangoni ina sahihi ya fundi bomba kila Jumatatu na Alhamisi. Sahihi nadhifu mno. Nina shaka!

Jumatano, 5 Machi
Nimezungushia koki ya chumba cha saba uzi mwembamba. Fundi akifungua, utakatika. Bibi aliuliza nilikuwa wapi. Nikasema msalani. Akasema mjukuu wangu, dakika ishirini? Nenda kamwone daktari.

Ijumaa, 7 Machi
Sahihi ya jana ipo. Uzi mzima! Nimemnasa! Kumkabili siwezi, hata karani wa mapokezi hunitetemesha. Nimeandika barua isiyo na jina kwa muuguzi mkuu. Kurasa nne, zenye tanbihi.

Jumamosi, 8 Machi
Muuguzi mkuu alinijua papo hapo. Alisema wodi nzima ina mjukuu mmoja tu wa kuweka tanbihi. Fundi akaitwa. Akacheka mpaka akashika ukuta. Haya profesa, akasema, fungua mwenyewe. Nikafungua. Hata tone! Bomba hilo walilikata mwezi uliopita, makusudi, maji yasituame humo. Anatia sahihi kuthibitisha kwamba bado limezibwa. Imeandikwa juu ya karatasi, kwa herufi kubwa. Sikuisoma. Nilikuwa nachunguza sahihi.

Muuguzi mkuu amenipiga marufuku wodini wiki nzima. Bibi akauliza sasa nani atamsomea gazeti. Hapo ndipo paliponiuma.

Lakini nilikosea nini? Hoja yangu ilikuwa sahihi. Bomba ndilo lililonisaliti.

Jumamosi, 15 Machi
Bibi anarudi leo! Bafu la wageni halijafunguliwa tangu shangazi aondoke. Maji yametuama! Tangu alfajiri nimeacha wazi koki zote za nyumba, jikoni mpaka uani.

Jioni. Bibi amefika. Amekaa na taulo begani, anasubiri kuoga. Tangi ni kavu. Mama anagonga mlango wangu, anauliza nina akili timamu kweli. Nimemjibu kupitia tundu la ufunguo kwamba nyumba hii haina tone la maji, kwa hiyo haina bakteria hata mmoja wa majini. Sifungui mpaka akiri hilo.