Nyigu Asiyekuwemo Kwenye Orodha

Ninayo heshima kuutangazia umma, ingawa nimeshastaafu na hakuna aliyenituma, kwamba nchi yetu ndiyo ya kwanza duniani kupiga marufuku sababu za ajali za ndege ndogo za jeti. Si ajali zenyewe. Kukataza ajali hata mlevi anaweza. Sisi tulikwenda kwenye mzizi.

Nilikuwa Katibu wa Kamati ya kazi hiyo, mshika mhuri. Tulisoma ripoti arobaini na moja, tukanywa chai isiyohesabika, mpaka Mwenyekiti akagundua jambo ambalo wataalamu wote walilipita kama hawana macho.

"Kabla ya kila ajali," alisema, "fundi fulani aliandika kwenye kitabu cha hitilafu. Tairi limekwisha. Mafuta yanavuja. Rubani hajalala. Halafu ndege ikaanguka. Mnaona? Wanaziandikia ajali zije!"

Tukapiga makofi. Waraka ukatoka siku ile ile: yeyote atakayeandika hitilafu ahesabiwe mwanzilishi wa ajali na aachishwe kazi papo hapo, bila kujali cheo. Hayo ya "bila kujali cheo" niliyachomeka mimi. Yalinoga masikioni.

Kwa miezi mitatu usalama ulipanda hadi asilimia mia. Vitabu vikawa vyeupe pe! Mwenyekiti akaalikwa nchi jirani kupokea kombe la weupe huo.

Asubuhi ya safari tulimkuta Mama Spana kwenye banda la ndege, amesimama puani mwa jeti, kitabu kwapani. Mwanamke huyu alikuwa fundi pale kwa miaka kumi na tisa na hajui kunyamaza. Kwa hiyo nilikwenda na barua ya kufukuza kazi mkobani, imeshasainiwa na Mwenyekiti, imeshapigwa mhuri. Kilichobaki ni nafasi ya jina. Rubani wa siku hiyo alikuwa mdogo wake wa mwisho, ambaye yeye alimbeba mgongoni tangu hajaota meno.

"Nyigu wamejenga," alisema.

"Wamejenga nini?" Mwenyekiti akauliza.

"Nyumba. Kwenye hiki kibomba. Upepo ukiingia humu ndipo mshale wa mwendo unapanda. Sasa kimezibwa na udongo. Rubani hatajua anakwenda mbio kiasi gani."

Mwenyekiti akanitazama. Nikafungua orodha ya sababu.

"Nyigu hawamo, Mheshimiwa."

"Hawamo. Basi hawapo."

"Wapo, baba. Njoo uchungulie."

"Nitachunguliaje kitu ambacho hakipo?"

"Basi nipe nusu saa nizibue."

"Kuzibua ni kazi. Kazi lazima iandikwe. Ukiandika, huna kazi." Kusema kweli, nilijisikia fahari kuwa chini ya kichwa kama kile.

"Dada, acha," rubani akanong'ona. "Watakufukuza."

"Kazi nitapata nyingine. Wewe nitakupata wapi?"

Akachomoa penseli kwenye nywele, akafungua kitabu. Mwenyekiti akampokonya vyote viwili kabla hajaandika herufi, akapanda ngazi. "Twende! Kombe linasubiri. Na wewe, Katibu!"

Sikuwa nimepanga kwenda. Nikapanda.

Nyuma yangu fundi alimkamata mdogo wake mkono wa shati. "Sikiliza. Ukifika usawa wa lile tangi jekundu kando ya lami, mshale ukiwa bado umelala, kanyaga breki. Usimwulize mtu."

Ndege ikaanza kukimbia kwenye lami. Mwenyekiti alichungulia kwa rubani. "Kipimo kinasemaje?"

"Sifuri, Mheshimiwa."

"Basi tumesimama."

"Miti inapita, Mheshimiwa."

"Miti si chombo cha serikali!"

Tangi jekundu likatokea. Breki zikalia, na ndege ikaja kusimama, pua kwenye majani, hatua sita baada ya mwisho wa lami. Mwenyekiti alikuwa amekumbatia mkoba wangu kama mtoto.

Rubani akageuka, mpole kabisa. "Kwa mujibu wa orodha, Mheshimiwa, hakuna tatizo. Nigeuze tujaribu tena?"

"Kitabu!" Mwenyekiti alipiga kelele. "Kitabu kiko wapi?" Alikuwa amekikalia. Akakitoa, akaandika kwa herufi kubwa kama ubao wa duka: NYIGU WAPO. Akasaini, na vyeo vyake vyote.

Mimi ni mtu wa utaratibu. Nikauvuta mkoba wangu taratibu kutoka kifuani pake, nikatoa barua.

"Niazime penseli, Mheshimiwa."

Nikajaza jina, nikamkabidhi. Akasoma hadi chini.

"Lakini hii saini ni yangu!"

"Ndiyo. Na waraka pia. Bila kujali cheo."

Alishuka akarudi kwa miguu juu ya lami, koti begani. Mama Spana alikuwa anakuja mbio upande wa pili, waya mwembamba wa kuzibulia mkononi, macho kwa mdogo wake tu. Walipopishana hakusimama.

"Mzee, pita pembeni!" alimpigia kelele. "Hapo katikati wanapita wenye kazi!"

Akapita pembeni. Nilikuwa naye miaka kumi na miwili, na hilo ndilo agizo la kwanza la usalama nililomwona akilifuata.